Mvinyo wa kushushia nyama

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina mgahawa mdogo hapa Dodoma, na mwezi huu tumeanza kuuza mvinyo wa hapahapa kwa glasi. Kwenye menyu nimeandika hivi: "Mvinyo nyekundu kavu, inaoanishwa na nyama choma. Mvinyo nyeupe yenye uchachu, inaoanishwa na samaki." Mzee mmoja alisoma akaniuliza kama mvinyo nao huoa. Mteja mwingine alipofika kwenye neno "uchachu" aliagiza soda. Niandikeje? Na jina lenyewe ni mvinyo, divai au waini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na huyo aliyeagiza soda, kwa sababu yeye ndiye aliyekusoma sawasawa. Kwetu kitu kikichacha kimeharibika. Maharage yaliyolala bila kupashwa moto yamechacha, wali wa jana umechacha, na mama akinusa tu sufuria anajua cha kufanya. Ukimwandikia mtu kwamba mvinyo una uchachu, yeye anaelewa kuwa chupa imekaa wazi tangu wiki iliyopita. Tena mvinyo uliokaa wazi huelekea kweli kuwa siki, kwa hiyo neno hilo tuliachie kazi yake. Siku mteja akikurudishia glasi na kusema "huu umechacha", umpe nyingine. Kuchachusha ni jambo jingine: hiyo ni kazi ya kiwandani, inayofanywa makusudi ili sukari ya zabibu igeuke kileo. Aliyechachusha amefanya kazi yake. Kilichochacha kimemponyoka mtu.

Unachotaka kukisema wewe ni ugwadu. Ugwadu ni ule ukali wa matunda unaojaza mate mdomoni: wa ukwaju, wa embe bichi, na huko kwenu zaidi ya yote wa ubuyu. Mvinyo mweupe wa zabibu za Chenin Blanc, ambazo zinalimwa Dodoma, huwa na ugwadu huo, na ndio unaoufanya uchukuane na perege wa Mtera. Unafanya kazi ileile ya kipande cha ndimu unachokiweka pembeni ya sahani. Ukiandika "wenye ugwadu", mteja atameza mate kabla hajaagiza.

Mwekundu una neno lake pia, nalo ni ukakasi. Nililielewa vizuri nikiwa mgeni nyumbani kwa rafiki yangu hapo Dodoma. Alinimiminia mvinyo wa zabibu za Makutupora wakati nyama bado iko jikoni. Nikaonja. Ulimi ukakaza na mashavu yakakauka kwa ndani, kama niliyetafuna ndizi mbichi. Nikaweka glasi chini. Mwenyeji hakusema kitu mpaka nyama ilipoiva, akanikatia ubavu wa mbuzi wenye mafuta, na nilipomeza tonge la pili akanisogezea glasi ileile: "Sasa shushia." Mvinyo ulikuwa umelainika. Chupa haikubadilika, wala glasi. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na mbegu, kwa kuwa mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja navyo, na unapokutana na nyama na mafuta yake hulegea.

Neno ulilokuwa unalitafuta, mwanangu, ni hilo alilolitamka rafiki yangu. Kuoanisha si kosa. Tunaoanisha sheria, tunaoanisha takwimu, na neno limekaa vizuri kabisa katika kazi hizo. Lakini ni neno la mikutano, halijawahi kukaa jikoni, na ndiyo maana mzee wako aliisikia ndoa ndani yake. Mezani watu wanashushia. Amekula chipsi akashushia soda. Amekula ugali wa uwele na mlenda akashushia maji. Basi na huu ni mvinyo wa kushushia nyama choma.

Angalia tu upande. Kinachoshushiwa ni chakula. Kama mteja amekuja kwa ajili ya kinywaji, na kitimoto kinaletwa kidogokidogo mezani ili glasi isiwe peke yake, hapo nyama ndiyo ya kusindikizia. Mvinyo wa kushushia nyama. Nyama ya kusindikizia mvinyo. Ukivigeuza, mpishi hatajua lipi ni shauri la mlo na lipi ni la kinywaji. Pale unapotaka lugha ya utulivu zaidi, tumia kuchukuana. Kitenge na kilemba vinachukuana, na mvinyo na samaki nao huchukuana.

Sasa "kavu". Wapo wanaokataa kwamba kitu cha majimaji kiitwe kikavu. Mimi silikatai, na sababu yangu iko kwenye ugali. Ugali mkavu si ugali usio na maji, ni ugali usio na mboga. Chai kavu ni ile inayonywewa bila kitafunwa. Kavu kwetu tayari lina maana ya kukosa kile kilichozoeleka kuwa nacho, na mvinyo mkavu umekosa sukari, kwa kuwa karibu yote imegeuka kileo. Neno ni letu, hata kama wengi wanaomba "drai". Hatari iko kwenye mpangilio. Niliwahi kuona mahali pameandikwa "mvinyo wa zabibu kavu", na zabibu kavu ni zile za kwenye pilau na keki. Kavu likae karibu na mvinyo: mvinyo mkavu wa zabibu. Na wageni wakisikia wakulima wa Hombolo wakitaja "mchuzi wa zabibu", waelezwe kwamba ni kile kilichokamuliwa, kinachouzwa kiwandani kwa ajili ya mvinyo. Ni neno zuri la kazi yao, ila kwenye menyu usiliweke, maana litasomwa karibu na mchuzi wa kuku.

Mvinyo uko katika ngeli ya mti: mvinyo huu, mivinyo hii. Kwa hiyo ni mvinyo mwekundu, mvinyo mweupe, mvinyo mkavu, mvinyo mtamu. Ukipenda nyekundu, nyeupe na kavu, andika divai: divai nyekundu, divai kavu. Kosa la menyu yako, na la menyu nyingi mjini, ni kumvisha huyu nguo za yule.

Majina yote matatu ni ya wageni. Mvinyo tulilipata kwa Wareno waliotuachia pia meza na leso, divai lina asili ya Kifaransa, na waini ni Kiingereza cha karibuni ambacho hatukihitaji. Biblia ya Union Version inayatumia mawili ya kwanza: Kana walitindikiwa divai, na Mithali 20:1 inasema "Mvinyo hudhihaki, kileo huleta ugomvi." Ila masikio ya Dodoma yanaisikia divai altareni kila Jumapili. Mgahawani ningeandika mvinyo, kwa heshima ya hao wanaotoka kanisani kuja kula kwako.

Menyu yako, basi, ningeiandika hivi:

Mvinyo mwekundu, mkavu, wenye ukakasi. Wa kushushia nyama choma, hasa yenye mafuta.

Mvinyo mweupe, mkavu, wenye ugwadu. Unachukuana na perege na kuku wa kienyeji.

Mvinyo mtamu. Baada ya chakula, pamoja na matunda.

Na kwa mteja anayekula nyama yenye pilipili nyingi, mhudumu amshauri achukue mweupe uliopoa. Ukakasi na pilipili havichukuani, kila kimoja hukichochea kingine.