Uhakika Nilioukuta Ughaibuni: Jibu kwa Mdogo Wangu na Vijana wa Tanga

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wadogo zangu, salamu katika Bwana.

Mdogo wangu, ujumbe wa sauti ulionitumia kwa niaba ya vijana wenzako wa kanisa letu hapo Tanga nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli kwamba Uingereza mtu anaishi kwa uhakika, tofauti na nyumbani ambako, kwa maneno yako, kesho haina mwenyewe; na kama imani niliyoondoka nayo ningali nayo. Umeongeza kwamba unafikiria kuuza sehemu yako ya shamba la michungwa kule Muheza ili umlipe wakala. Nitayajibu yote kwa pamoja, kwa sababu katika maisha yangu hapa yamekuwa jambo moja.

Yapo mambo ya uhakika hapa Bristol, na sitayadharau mbele yako, maana ndiyo yanayomwezesha mama kupata dawa zake za presha bila kukopa dukani. Mshahara huingia kwa tarehe yake, maji hayakatiki, na ukiugua unatibiwa. Lakini kibali cha mfanyakazi aliyeletwa kama mimi kimefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Mwajiri huyo akinyang'anywa leseni ya kudhamini wageni, mfanyakazi ambaye hakukosa lolote hupewa kwa kawaida siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Mimi yalinikuta. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, nikafungua barua pepe nikiwa kituo cha basi, na kufikia jioni nilikuwa nimefahamu kwamba kodi ya chumba, ada ya wadogo zetu na dawa za mama vyote vilikuwa vimesimama juu ya karatasi ya mtu mwingine.

Kuhusu wakala wako nitasema kwa ufupi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali ya Uingereza imefunga mlango wa kuajiri wahudumu wa wazee wapya kutoka nje ya nchi, kwa hiyo anayekuahidi nafasi hiyo leo anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Usiuze shamba. Na yule mhubiri aliyewaambia kwamba mkipanda mbegu ya fedha madhabahuni Mungu atawafungulia viza, naomba msimpe hata senti, kwa kuwa amelichukua jambo kubwa kuliko yote ambayo Mungu ametupa akaliweka bei.

Katika majuma yale ya kutafuta mdhamini niliendelea kwenda kazini, na huko kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila usiku, nikiisha kumgeuza na kumfunika, alinishika mkono na kuniuliza kama mlango umefungwa. Mlango wa nyumba ile hufunguliwa kwa namba za siri, dirisha lake lilikuwa na komeo, na kando ya kitanda kulikuwa na kengele ya kutuita. Nilimjibu kwamba umefungwa, akatulia kidogo, kisha akauliza tena. Nilimhurumia sana, na nikatambua kwamba mimi na yeye tulikuwa tunauliza swali lile lile, yeye kuhusu mlango, mimi kuhusu kibali. Aliyekuwa na kila aina ya ulinzi ambao nchi tajiri inaweza kumpa mzee wake bado alikuwa anaogopa usiku.

Jumapili nilikwenda kanisani nikiwa mkavu kabisa, bila hamu ya kuimba. Sisi tuliolelewa katika Uanglikana wa wamisionari wa Magila tumezoeshwa kupiga magoti na kupokea, hata siku ambayo moyo hauna la kusema. Padri aliponifikia akanipa mkate akisema kwamba ni Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo, uliotolewa kwa ajili yako. Maneno hayo nimeyasikia tangu kipaimara. Siku ile nilisikia kwamba jambo limekwisha kutendwa, na limetendwa kwa ajili yangu, kabla sijapata viza na hata kama sitaipata. Sikulia wala sikutetemeka. Nilirudi kwenye kiti changu nikijua mimi ni wa nani, na hilo halijaniondoka.

Nakueleza kwamba sikutetemeka kwa sababu najua huko mnafundishwa kuupima uhakika kwa hisia. Katika mji huu kuna jengo la Wamethodisti lililoanza kujengwa mwaka 1739 chini ya John Wesley, mwanzilishi wao, nalo ndilo kongwe kuliko yote waliyo nayo duniani. Wesley alikuwa padri wa Kianglikana. Mwezi Januari 1736 alikuwa baharini akielekea Georgia, Marekani, ikavuma dhoruba iliyopasua tanga kuu na kuingiza maji melini. Waingereza wakapiga mayowe, ila Wajerumani wa kundi la Kikristo la Wamoravia, waliokuwa katikati ya zaburi, wakaendelea kuimba pamoja na wake zao na watoto wao. Wesley alimuuliza mmoja wao baadaye kama hawakuogopa, akajibiwa kwamba hawakuogopa kufa. Padri yule, mwenye elimu yote ya Oxford, akaona wazi kwamba hana kile walicho nacho wale wahamiaji maskini. Alikipata London jioni ya tarehe 24 Mei 1738, akiwa katika mkutano mdogo, aliposikia moyo wake ukipata joto na akawa na hakika kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake yeye mwenyewe. Hata hivyo, mwezi Januari uliofuata aliandika kwamba yeye si Mkristo. Ninalipenda jambo hilo kuliko habari ya joto la moyo, kwa kuwa linaonyesha kwamba joto huja na kupoa, hata kwa mtu kama yule, ilhali kazi ya Kristo haikupungua kitu kati ya Mei na Januari.

Mtume Yohana anasema ameandika ili tujue ya kuwa tuna uzima wa milele. Amesema tujue. Na Paulo, aliyevunjikiwa jahazi mara tatu na kukesha kilindini, jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa uzito wake, ndiye anayesema katika Warumi 8 kwamba anajua hakika kuwa hakuna kiumbe kitakachoweza kututenga na upendo wa Mungu. Katika sura hiyo hiyo ametaja dhiki, njaa, uchi na upanga, wala hakuahidi kwamba hatutakutana navyo.

Ndiyo maana sitaki msimulie habari yangu kanisani kama ushuhuda wa viza. Nilipata mwajiri mwingine, ninamshukuru Mungu, na kazi ninayo. Lakini mwenzangu mmoja kutoka Zimbabwe, dada aliyefunga na kuomba kuliko mimi, na ambaye ndiye aliyenifundisha kusali kwa sauti bila aibu, siku zake 60 ziliisha akarudi kwao na deni la wakala mabegani. Mkisema Mungu alinijibu mimi kwa sababu ya imani yangu, mtakuwa mmesema kwamba yeye hakuwa nayo, na mimi nilimwona uwanja wa ndege. Aliniombea mimi ninayebaki. Uhakika wake ulikuwa ule ule wa kwangu, na alikuwa ameushika kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo imani ningali nayo, ingawa hapa ni vigumu kuitunza. Zamu hula Jumapili, kanisani mara nyingi kijana ni mimi peke yangu, na hakuna jirani atakayekugongea mlango kuuliza mbona hukuonekana misani, kama ambavyo hata majirani zetu Waislamu wa Ngamiani hutuuliza. Nimewaomba wanaopanga ratiba wanipe Jumapili mbili kwa mwezi, wakakubali. Jumapili nyingine husoma zaburi za siku ndani ya basi.

Kibali changu kinaisha mwakani, na sijui kama kitaongezwa. Kisipoongezwa nitarudi Tanga, nami ningependa nilikute shamba la michungwa lingali letu.