Mkuu, usifungue wiki zote 14 kwa mpigo

Futa huo mpango kabla Jumatatu haijafika. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba chuo chenu hapo Bagamoyo kimekukabidhi Fizikia ya Utangulizi uifundishe mtandaoni, kwamba video za semista nzima umesharekodi, na siku ya kwanza utaziachia zote "kila mtu aende kwa kasi yake". Halafu jaribio moja katikati, mtihani mwishoni. Unauliza uwashike vipi wasipotelee njiani. Kaka yangu, kwa mpango huo umeshawapoteza. Mimi niko Tanga, nafundisha kozi hiyohiyo, na huo mpango niliutumia kama ulivyouandika. Hata hayo maneno ya kasi yake nayajua yalikotoka.

Yalitoka semina. Alikuja mtaalamu kutufunda, shati limenyooka kwa pasi, kalamu ya taa nyekundu mkononi, akatuambia mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, ukimwekea tarehe kila wiki unamrudisha chekechea. Ukumbi mzima tukatikisa vichwa. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kufundisha vekta watu wanaopimiana bando chumba kizima. Tukapewa cheti, maji ya chupa na maafa, akapanda gari lake akaenda kuwaharibu wengine. Nikikutana naye stendi ya Kange nitamuomba anisahihishie sapu, mitihani ya marudio, zote za mwaka ule.

Maana sapu zilikuwa nyingi, mkuu. Zaidi ya nusu ya darasa. Wengine walidisko kabisa, yaani wakaondolewa chuoni, na hao ndio ninaowaonea uchungu hadi leo. Mwanzoni wala huoni kitu. Wiki ya kwanza mfumo ulinionyesha karibu wote wamefungua video, nikaipeleka ile grafu kwa mkuu wa idara nikiwa nimevimba kichwa. Kumbe "amefungua" maana yake amebofya tu, basi. Wiki ya tatu mstari ukaanza kushuka, nikajiambia ni watu wazima hawa, watajipanga. Wenyeji husema Tanga waja leo waondoka leo. Wangu hata hiyo leo yenyewe hawakuja. Na asije mtu hapa kuniambia watu wa Tanga wavivu, chuo kina vijana wa kila mkoa na walinitoroka kwa usawa kamili wa kitaifa.

Jaribio la katikati ndilo lililonimaliza, kwa sababu walifaulu. Nilikuwa nimewapa zoezi la pendulamu: funga jiwe kwenye uzi wa mita moja, libembee mara 20, pima muda kwa simu, tafuta g (mchapuko wa mvutano wa dunia), piga picha utume. Mita moja inakupa kama sekunde mbili kwa kila mbembeo, kwa hiyo sekunde 40 na ushee. Kwa jiwe la uani na kidole kinachochelewa kubonyeza, mtu mwaminifu atapata 9.5, mwingine 10.2. Wangu wote walipata 9.81, ileile ya kitabuni. Wote! Nikasema hapa Mungu amewabariki. Nikaanza kuzitazama picha. Mmoja anakaa Makorora, mwingine Pongwe, mwingine kajifungia kwao Korogwe, na nyuma ya mawe yao wote inaning'inia kanga moja, ileile, yenye maandishi "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikawapa alama zao, maana mtaalamu alisema tuwaamini. Mtihani ukaja, wa kukaa ukumbini na kalamu, na kanga haikuwepo.

Sasa sikiliza kwa nini fizikia haisamehi jambo hili wakati kozi nyingine pengine zinasamehe. Mwanafunzi anaweza kuruka sura ya pili ya historia akaielewa ya tano. Kwetu vekta zinaingia kwenye mwendo, mwendo unaingia kwenye sheria za Newton, Newton anaingia kwenye kazi na nishati, na kila hatua inakula ile iliyopita. Anayeangalia video anajiona ameelewa, kwa sababu wewe unaelewa na unaongea vizuri. Ni sawa na kujifunza baiskeli ukiwa umekaa barazani Ngamiani unawatazama wapitao.

Ngoja nikuonyeshe kitu kimoja. Siku hizi wiki ya nne natoa swali moja tu: mzigo umekaa kwenye mteremko wa nyuzi 30, tungamo lake kwa kilo ni tarakimu mbili za mwisho za namba yako ya usajili. Chora kani zote, kisha nipe kani inayouvuta mzigo kuelekea chini ya mteremko. Juzi binti mmoja mwenye 37 kaniletea newtoni 314. Sikuhitaji kusoma mistari yake. Uzito ni 37 mara 9.8, yaani 362.6. Saini ya nyuzi 30 ni nusu, kwa hiyo nusu yake ndiyo jibu, 181 na kidogo. Yeye katumia kosaini badala ya saini, na mchoro wake unaonyesha sababu: pembe kaiweka upande usio wake. Nikamwandikia mistari miwili, akachora upya, yakaisha palepale. Mtoto yuleyule chini ya mpango wako ningekutana na hiyo 314 ukumbini, wiki ya mwisho, ikiwa imeshazaa makosa ya msuguano, ya nishati, ya kila kitu kinachotumia mteremko. Na nisingejua kosa lilianzia wapi, ningeandika tu sifuri.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kila wiki mwanafunzi akuletee kitu alichokifanya kwa mkono wake, mlango ufungwe siku ileile kila wiki, na ambaye hajaleta apigiwe simu kesho yake. Simu, mkuu, si barua pepe. Barua pepe zangu nyingi hazijafunguliwa mpaka leo. Simu ni dakika moja. "Shikamoo madam, niko kwenye daladala naelekea Muheza, jioni natuma." Na anatuma, kwa aibu tu ya kusikia sauti yako. Wakiwa wengi, mgawane na kiongozi wa darasa na msaidizi wako, lakini asipite mtu wiki mbili kimya. Wa wiki moja unamvuta. Wa wiki tatu anakukwepa hata sokoni.

Kazi yenyewe iwe ndogo: swali moja, karatasi moja, kwa kalamu, picha moja iliyopunguzwa ukubwa. Namba ya usajili ndani ya swali, kama nilivyosema, hapo desa, yale majibu ya kunakiliana, linakosa nguvu. Wanaweza bado kuonyeshana njia, na hiyo nataka waonyeshane, ila kila mmoja lazima apige hesabu yake. Alama ziwepo lakini zisiwe za kutisha. Mimi kazi zote za wiki zinabeba 15 kati ya 40 za tathmini endelevu. Ukizifanya nzito unamrudisha kwenye kanga.

Kufunga nilianza na Jumapili saa sita usiku, nikagundua wanafunzi wangu wengi hununua bando la usiku, wanaanza kupakia saa sita ndiyo kwanza mlango umefungwa. Nikahamishia Jumatatu saa mbili asubuhi. Malalamiko yakapungua bila mimi kuhutubia mtu.

Na hili si la mama mmoja wa Tanga mwenye hasira. Mwaka 1998 Mmarekani Richard Hake alichapisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa fizikia ya utangulizi. Madarasa ambamo mwanafunzi anafanyishwa kitu na kujibiwa papo hapo yalipiga hatua kama maradufu ya yale ya kusikiliza tu. Ndiyo, hayakuwa madarasa ya mtandaoni, najua, msinirukie. Lakini kama kukaa ana kwa ana na profesa hakutoshi bila kufanya kitu, video yako itatosha vipi?

Umeuliza pia maikrofoni gani ununue. Yoyote, hakuna aliyewahi kupata sapu kwa sababu ya maikrofoni. Mengine uliyouliza sikumbuki, nadhani kulikuwa na jambo la kamera wakati wa mtihani, wengine watakujibu.

Wewe leo jioni ingia Moodle, ule mfumo wa kozi za mtandaoni, kwenye kila wiki kuna sehemu ya kuzuia kwa tarehe, acha wazi ya kwanza na ya pili tu. Video ulizorekodi hazitaoza. Na namba za simu zichukue siku ya usajili wakiwa mbele yako, uzipige palepale usikie zinaita mfukoni mwao, maana mimi nilijaziwa fomu nzima za laini zisizopatikana, moja ikapokelewa na fundi cherehani wa Mombo ambaye mpaka leo ananiuliza matokeo yametoka lini.