Barua kwa mwanangu: nyumba kwako, madeni kwake?

Mwanangu,

Karatasi ulizonitumia nimezisoma zote. Unaniuliza hivi: katika talaka yenu, mumeo Baba Neema amekubali nyumba ya Ruaka na ploti ya Kitengela ziwe zako, yeye abaki na kampuni ya vifaa vya ujenzi pamoja na madeni yote, hata mkopo wa nyumba. Je, ukitia sahihi utakuwa umesalimika?

Bado. Makubaliano hayo yanawafunga ninyi wawili tu. Benki hayaifungi, KRA (mamlaka ya kodi) hayaifungi, sacco (chama cha akiba na mikopo) hayaifungi. Hata jaji akiyageuza kuwa amri ya mahakama, mkopeshaji ambaye hakuwa kwenye kesi anabaki na haki zilezile alizokuwa nazo siku mlipotia sahihi mkopo.

Nianze na nyumba, maana ndiko pesa zilikolala. Barua ya mkopo inasema mnadaiwa kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Kwa hiyo benki ina ruhusa ya kukudai wewe milioni 7.4 zote bila hata kumpigia yeye simu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 10, inasema deni lililochukuliwa kwa faida ya ndoa mnalibeba sawasawa, lakini hiyo ni hesabu yenu ya ndani. Asipolipa, benki inakuja kwako kwanza, halafu wewe ndiye wa kumfuata na amri yako mkononi.

Ile sentensi wakili wake aliyoandika, kwamba "atalipa mkopo hadi uishe na kumfidia mke kwa hasara yoyote", ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Inasomeka vizuri. Ila ahadi ya kufidia ina nguvu sawa na mfuko wa aliyeitoa, na wewe mwenyewe umeniambia mfuko huo unavuja. Akiacha kulipa, benki itatoa notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha deni, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali wa mnada atoe yake ya siku 45. Notisi ya kwanza ikienda kwenye sanduku lake la posta na si lako, utashtukia mambo yameshafika mbali. Kwa hiyo andikia benki leo, hata kabla ya makubaliano, uwape anwani yako na barua pepe yako, na uombe taarifa ya mkopo kila mwezi. Wewe ni mkopaji. Ni haki yako.

Njia salama ni mkopo uondoke kwenye jina la mmoja wenu kabisa. Benki haiwezi kulazimishwa kufanya hivyo. Itakuangalia upya kana kwamba unakopa leo: payslip, taarifa za akaunti za miezi kadhaa, ripoti ya CRB (shirika linalotunza historia ya mikopo ya kila mtu), thamani mpya ya nyumba. Ikikubali, karatasi tatu hupelekwa kwa msajili wa ardhi zikifuatana: kuondolewa kwa rehani ya zamani, uhamisho wa hisa yake kuja kwako, na rehani mpya kwa jina lako peke yako. Ikitoka moja nyingine ikakwama, mtu mmoja ananing'inia, kwa hiyo mawakili wapeane ahadi za maandishi kabla hati haijaachiliwa. Weka kando pesa za mthamini, za wakili wa benki (ambaye unamlipa wewe, si benki) na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya rehani mpya. Benki ikikataa kwa sababu mshahara wako haubebi rejesho la 118,000 kwa mwezi, basi ni afadhali kujua sasa kuliko baada ya talaka. Hapo iuzwe mgawane kilichobaki, kabla mnada haujaiuza.

Na hicho kinachobaki kihesabu sawasawa. Yeye anaandika nyumba ni ya milioni 12, kana kwamba anakupa milioni 12. Toa deni, inabaki 4.6. Ripoti ya mthamini huwa na bei mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na hiyo ya pili kwa kawaida iko karibu robo chini. Ikiwa 9, ukitoa deni unabaki na 1.6 tu. Mahali fulani kati ya hizo mbili ndipo thamani halisi ya zawadi yake ilipo.

Kodi sasa, na hapa kuna nafuu. Mali ikihama kati ya mliokuwa mume na mke kama sehemu ya makubaliano ya talaka, hakuna kodi ya faida ya mtaji, ile ya asilimia 15 tangu Januari 2023. Lakini msamaha hauji wenyewe: lazima ijazwe kwenye iTax, mtandao wa KRA, kwamba uhamisho umesamehewa na sababu yake, na amri ya mahakama au makubaliano yaambatishwe. Uhamisho ulioandikwa "mauzo" kwa uvivu wa karani utaonekana mauzo. Ushuru wa stempu ni sheria nyingine kabisa, asilimia 4 mjini na 2 mashambani kwa thamani atakayoiweka mthamini wa serikali. Msamaha wa kodi moja hauvuki kwenda nyingine. Wakili aombe jibu la maandishi kabla hamjaandika nani atalipa, na mkishajua, liandikeni.

Mtego uko kwenye ploti ya Kitengela. Ilinunuliwa milioni 1.5, leo mnaipa 4. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kwamba mali iliyohamishwa bila kodi, ikiuzwa tena kabla ya miaka mitano, gharama yake inahesabiwa kwa ile ya mwanzo. Wewe unasema utaiuza mwakani ulipe karo. Faida ni milioni 2.5, kodi 375,000, na inakuwa yako, si yake, ingawa ploti ilipanda bei mikononi mwake. Kwa hiyo kwenye jedwali la mgawanyo ploti isiandikwe milioni 4, iandikwe 3.6 na kitu. Mwambie pia akupe mkataba wake wa ununuzi, risiti za stempu na za wakili wa wakati ule, kwa sababu gharama usiyoweza kuithibitisha KRA haikutolei. Akishahamia Mombasa hutazipata.

Nyumba ya kuishi ina msamaha wake: mwenye nyumba akiwa ameishi humo mfululizo miaka mitatu kabla ya kuiuza, hakuna kodi hiyo. Ukiipangisha uhamie kwangu, unaupoteza, na unaanza kulipa kodi ya pango ya asilimia 7.5 ya pango lote kila ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ikiwa pango la mwaka linazidi 288,000. Rejesho la benki halitolewi kwenye hesabu hiyo.

Kampuni. Unasema "mimi nilishajiuzulu ukurugenzi". Lipa upate CR12 mpya (orodha rasmi ya wakurugenzi na wenye hisa) uone kama jina lako limetoka kweli. Na kujiuzulu hakufuti dhamana binafsi. Kama overdraft ya duka (ruhusa ya benki ya kutoa pesa kuliko zilizomo kwenye akaunti) ilikuwa na karatasi ya wakurugenzi kudhamini, sahihi yako iko hai hadi benki ikuachilie kwa maandishi. Kodi za duka zisizolipwa ni za kampuni, lakini za kwake binafsi ni nzito zaidi kwako: KRA inaweza kusajili zuio juu ya ardhi ya mdaiwa wa kodi, na riba ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya adhabu ya asilimia 5. Fanya sachi ya Kitengela, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, wiki ileile ya kutia sahihi, si ile ya mwezi uliopita. Dai pia cheti chake cha kutodaiwa kodi, na kiwe sharti ndani ya makubaliano.

Sacco nilikuwa karibu niisahau. Ulimdhamini mkopo wa 2021. Akiba yako imefungwa pale mpaka aumalize au alete mdhamini mwingine. Alete kabla ya talaka, maana baadaye hatakuwa na haraka. Gari liangalie NTSA, wanaosajili magari, na kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika kupitia eCitizen. Kama lina mkopo wa logbook, yaani liliwekwa rehani kwa kitabu chake cha umiliki, utauona.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza. Wadai wake wakimfikisha mahakamani atangazwe mufilisi, mali yote iliyo kwa jina lake inahamia kwa msimamizi wa mali ya mufilisi. Ploti ambayo amri inasema ni yako lakini hati bado inasoma jina lake, utakuwa unaigombania na watu wa benki tatu. Kwa hiyo weka zuio kwenye rejista ya ardhi sasa hivi, na uhamisho usajiliwe amri ikitoka, usingoje mapesa ya stempu yapatikane "mwezi ujao".

Msimamizi huyo pia anaweza kuirudia mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa kabla ya kufilisika. Mume mwenye madeni anayempa mke kila chenye thamani, yeye abaki na kila chenye deni, anaonekana anaficha. Ndiyo maana sipendi makubaliano yenu yalivyo mepesi. Yaandikwe upya yaonyeshe ulichochangia: amana ya nyumba uliyolipa wewe, marejesho yaliyotoka kwenye mshahara wako, miaka uliyosimamia duka bila malipo, malezi. Sheria inahesabu mchango wa pesa na usio wa pesa. Mahakama ya Juu, Januari 2023, ilisema nusu kwa nusu si ya moja kwa moja, kila mtu athibitishe. Ukithibitisha, unachopata ni haki yako, wala si zawadi ya mtu anayekimbia wadai. Ongeza ripoti ya mthamini na orodha ya madeni yake yote aliyoiapia, na upate amri ya Mahakama Kuu badala ya karatasi ya wakili pekee. Ombi la kutangaza haki zako kwenye mali laweza kufunguliwa hata kabla ya kesi ya talaka. Mali ndiyo haigawanywi mpaka ndoa ivunjwe.

Matunzo ya Neema yatenge na mali. Usikubali "ameshakupa nyumba, matunzo yamo humo". Matunzo yaliyoamriwa na mahakama hayafutwi na ufilisi, ilhali ahadi ya kulipa mkopo wako inaweza kufutwa. Kama ni lazima upunguze kitu mezani, punguza kwenye ploti.

Ukiwa na nafasi kesho, omba ripoti yako ya CRB, moja kwa mwaka ni bure, uone kama kuna mkopo wenye jina lako usioujua. Halafu nipigie picha ukurasa wa mwisho wa karatasi za overdraft, pale penye sahihi. Usitie yako popote mpaka nimeuona.

Mamako