Taratibu za mashemasi: mfuate anayeijua kazi, usijifungie kuandika

Umeuliza uanzie wapi kuandika taratibu za kazi za mashemasi kanisani, maana umepewa uenyekiti wa mashemasi na kazi zote ziko kichwani mwa mzee mmoja. Nimepita hapo hapo. Shemasi wetu mzee, aliyeandaa Meza ya Bwana (ushirika wa mkate na kikombe) miaka nenda rudi, aliugua ghafla Jumamosi usiku. Asubuhi tukawa wanne tumezunguka kabati: mkate upo, juisi ya zabibu ipo, trei za vikombe hazionekani. Zilipopatikana tukajaza vikombe mpaka ukingoni. Trei ikipita safu ya tatu, kitambaa cheupe kilishageuka zambarau.

Wiki iliyofuata nikafanya kosa ambalo nataka ulikwepe. Nilijifungia nikaandika mwongozo mnene, unaanza na wale saba waliochaguliwa kuhudumu katika Matendo 6, Stefano akiwa mmoja wao, unaendelea na sifa za shemasi katika 1 Timotheo 3. Mchungaji aliusifu. Hakuna aliyeufungua tena. Hayo ni ya darasa la mashemasi wapya; mtu anayehangaika na ufunguo alfajiri hana haja ya kuelezwa Stefano alikuwa nani.

Kilichosaidia ni kumfuata yule shemasi mzee alipopona, yeye anafanya, mimi naandika. Usimwombe akuandikie, atakwambia "unaandaa meza tu, basi." Ukimtazama ndipo utaona anajaza kikombe theluthi mbili, anapanga trei kwa kuhesabu safu za viti, anatenga vikombe vichache vya wagonjwa watakaopelekewa nyumbani. Kwake hayo hayakuwa maarifa, ni mazoea. Nisipoelewa niliuliza kwa nini, na jibu nikaliandika palepale, kwa sababu asiyejua sababu ya hatua ndiye huiruka.

Ikatoka karatasi moja kwa kila kazi, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Kisha mpe shemasi mpya aifuate, nawe ukae kimya (hapo ndipo pagumu). Wa kwetu alikwama mstari wa pili: nilikuwa nimeandika "tandika kitambaa cha kawaida." Cha kawaida kipi? Vilikuwa vitatu.

Kwenye sadaka, andika bila kuacha mwanya. Wahesabuji wawili au zaidi, wasiwe wa nyumba moja. Wahesabu mara baada ya ibada, wote wasaini fomu kabla fedha hazijatoka chumbani, na mtunza vitabu vya hesabu asiwe miongoni mwao. Jiandae kwa manung'uniko. Mmoja wetu alikasirika kabisa: "Kwani hamniamini?" Nilimjibu kwamba siku hesabu isipolingana, yeye ndiye atakayemhitaji shahidi. Alinuna mwezi mzima, lakini alisaini.

Ubatizo, usafi, zamu za mlangoni, hizo hazina shida, njia ni ileile. Andika "shemasi wa zamu", si jina la mtu, la sivyo utakuwa unaandika upya kila mwaka. Ila majina ya waliopewa msaada yasitokee kwenye karatasi yoyote ya ukutani. Andika tu ombi linapokelewa na nani na linaamuliwa na wangapi.

Chini ya kila karatasi weka tarehe na uache nafasi ya masahihisho. Ya Meza ya Bwana imeshachorwachorwa kwa kalamu, na mengi ni mwandiko wa mzee mwenyewe, yule yule aliyesema unaandaa meza tu.