Kabla hujasaini kuchepushiwa kesi Marekani, uliza kama unakiri kosa

Msomaji ameniandikia: "Shikamoo dada. Mdogo wangu amekamatwa kwa wizi wa dukani, mara ya kwanza katika maisha yake. Mwendesha mashtaka anasema asaini mpango, afanye kazi za jamii, kesi ifutwe. Ana grini kadi. Asaini?"

Marahaba. Asisaini siku hiyohiyo. Amwombe hakimu tarehe nyingine ili aonane na wakili. Ni ombi la kawaida na hakimu halioni ni ukaidi.

Mpango wenyewe, huo wa kuchepusha kesi (diversion), ni mzuri. Mtu asiye na rekodi akishtakiwa kwa kosa dogo, mashtaka yanasimamishwa miezi sita, mwaka au zaidi. Anatimiza masharti, kesi inafutwa, hafungwi. Lakini asiye raia ana swali la kuuliza kabla ya mengine yote, na inaniuma kuona wengi wetu tunalijua miaka baadaye, kwenye usaili wa uraia: ili niingie kwenye mpango, nakiri kosa?

Sheria ya uhamiaji ina kipimo chake cha kutiwa hatiani, kilichowekwa na Bunge la Marekani mwaka 1996. Mambo mawili yakikutana, basi: umekiri kosa au umekubali maelezo yanayotosha kukuona na hatia, kisha hakimu akaamuru adhabu au kizuizi chochote cha uhuru wako. Jimbo likiifuta kesi baadaye, kwa uhamiaji hatia inabaki palepale. Mwaka 2017 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua hivyo katika kesi iliyotoka Texas. Mshtakiwa alikuwa ameingia kwenye mpango wa kabla ya kesi, akakubali maelezo ya kosa, na hakimu akaidhinisha mkataba wenye kazi za jamii, ada na fidia. Ikahesabiwa ametiwa hatiani.

Kwa hiyo usitazame jina la mpango, tazama kilichoandikwa ndani. New York wana ACD, yaani kuahirisha kesi kwa nia ya kuifuta: kesi inaahirishwa, mara nyingi miezi 6, hukiri chochote, na usipokamatwa tena inafutwa na faili linafungwa. California, tangu 2018, mpango wa makosa madogo ya dawa za kulevya hautaki mtu akiri kwanza, na tangu 2021 hakimu anaweza kuchepusha makosa mengi madogo hata mwendesha mashtaka akipinga. Massachusetts wana CWOF, yaani kesi kuendelea bila kutangazwa hatia, na hapo unakubali kwamba maelezo yanatosha kukutia hatiani, kwa hiyo kwa uhamiaji ni hatia. Texas, ile inayoitwa deferred adjudication, yaani kuahirisha kumtia mtu hatiani, huanza kwa kukiri au kutopinga shtaka. Oregon, mpango wa waliokamatwa wakiendesha gari wamelewa unadai hivyohivyo.

New Jersey ndiyo inayonishughulisha zaidi. Makosa mazito kiasi hupitia PTI, mpango wa jimbo wa kuchepusha kesi kabla haijasikilizwa, na kwa wengi haihitaji kukiri. Makosa madogo ya mahakama ya manispaa hupitia utaratibu mwingine wa mwaka mmoja, ambao unakutaka ukiri kwanza au uonekane na hatia. Ada ya maombi ni dola 75 kote kuwili. Yaani aliyeshtakiwa kwa kosa dogo zaidi ndiye anayepewa karatasi yenye hatari zaidi kwa grini kadi yake, naye anatoka mahakamani akishukuru.

Ikiwa karatasi inadai kukiri, kuna nafasi ya kujadiliana. Wakili anaweza kupendekeza kijana afanye kwanza saa za kazi za jamii na kulipa fidia, kisha mwendesha mashtaka aondoe shtaka bila kukiri kokote. Anaweza pia kuomba shtaka libadilishwe liwe la namna isiyogusa uhamiaji. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 2010, wakili wa utetezi, hata yule anayelipwa na serikali, ana wajibu wa kumweleza mteja athari za uhamiaji kabla hajakiri. Mwambie waziwazi: mimi si raia. Usione haya, na usingoje akuulize. Kesi ya bangi ihofie zaidi, hata katika jimbo linaloiruhusu, maana sheria ya shirikisho bado inaikataza na uhamiaji hufuata hiyo.

Omba mkalimani wa mahakama, na useme ni Kiswahili cha wapi. Aliyekulia Bukavu na mkalimani wa Dar es Salaam wanaweza kupishana kwenye maneno yenye uzito. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mkataba.

Ukishaingia kwenye mpango, wanaoshindwa wengi hawashindwi kwa kosa jipya. Wanahama bila kumpa afisa anayewasimamia anwani mpya, barua inarudi, hakimu anatoa hati ya kukamatwa. Wanafanya saa za kazi mahali ambapo hapakuidhinishwa, zinakataliwa zote. Wanakosa darasa kwa sababu ya zamu kazini bila kupiga simu mapema. Wanachelewa kulipa ada, ilhali sehemu nyingi huruhusu kulipa kidogokidogo au kupunguziwa ukiomba kwa maandishi. Kusafiri nje ya jimbo huhitaji ruhusa, na kutoka nje ya nchi wakati kesi ingali wazi ni kujitafutia maswali uwanja wa ndege. Ukishindwa na hukukiri, kesi inaanza upya na bado unaweza kujitetea. Ukiwa ulikiri, kinachobaki ni hukumu.

Kesi ikifutwa, nenda kwa karani wa mahakama ukachukue nakala zenye muhuri za uamuzi wa mwisho na za mkataba wenyewe. Chukua kadhaa, tena kabla hujaomba rekodi isafishwe, kwa kuwa baada ya hapo karani huenda asiwe na cha kukupa. Kusafishwa kwenyewe mara nyingi hakuji bila maombi. New Jersey unaweza kuomba miezi 6 baada ya PTI kumalizika. Na fomu N-400 ya uraia inauliza kama uliwahi kukamatwa, hata kama rekodi imefungwa au imesafishwa. Jibu ni ndiyo, na nakala hizo zinakwenda pamoja na fomu.