Kompyuta za stoo zinatosha kufundishia Linux

Mwalimu mmoja wa Wete ameniandikia: skuli yao ina kompyuta kuukuu stoo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2 kila moja. Je, kuzitia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, si kuwapotezea vijana muda, ilhali maofisini wanataka Word?

Mwalimu wangu, zitoe. GB 2 zinabeba Linux Mint, aina moja ya Linux, ile yenye sura nyepesi iitwayo Xfce, ila ukirundika kurasa za intaneti mashine itakwama. Ukipata GB 4, ongeza. Tazama kwanza kama prosesa ni ya biti 64, kwani Mint tangu toleo la 20 haina ya biti 32. Flashi moja ya GB 8 inatosha kusakinishia zote.

Balaa lipo kwenye betri. Mashine iliyolala stoo muda mrefu, ile betri bapa ya ndani, CR2032, aghalabu imekufa. Ukichomoa waya wa umeme, saa inarudi nyuma miaka. Hapo tovuti karibu zote zinakataa kufunguka, eti si salama, na apt, chombo cha Mint cha kusakinishia programu, nayo inagoma kuleta masasisho. Watu wanasema Linux mbovu. Linux haina kosa: cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza, na kwa mashine hiyo tarehe bado haijafika. Tia betri mpya, rekebisha saa, kisha kwenye terminal, dirisha la kuandikia amri, andika timedatectl uhakikishe saa imekaa. Na usiwafanyie! Mpe mwanafunzi bisibisi afungue mwenyewe. Anayefundishwa kubonyeza tu, siku kitufe kikihamishwa amekwisha.

Hiyo Word isikutishe, LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, inahifadhi docx, faili za Word. Barua ikivurugika, mara nyingi ni fonti: Calibri, fonti ya Word, haimo, herufi iliyoshika nafasi yake ina upana mwengine, mistari inasukumana. Sakinisha kifurushi cha fonts-crosextra-carlito, chenye fonti iitwayo Carlito. Carlito ina vipimo vilevile vya Calibri.

Kuhusu ajira, tusiwadanganye kwamba wote watakuwa waandishi wa programu. Kazi nyingi ni za kuendesha na kutunza. Takwimu za afya Zanzibar zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kukusanyia takwimu za afya, nayo ni programu huria. Mradi wa kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, ulioanza 2016, uliwatia kazini wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kwa wanaotaka cheti, mtihani wa Linux Essentials, wa misingi ya Linux, una maswali 40 kwa dakika 60, na cheti chake hakiishi muda. Lakini mwajiri akiuliza "umefanya nini?", cheti peke yake hakijibu.

Basi wape kazi inayobaki na jina lao: kila mmoja achore shehia yake kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe: maduka, visima, vichochoro vya miguu. Picha za satelaiti wanazochorea juu yake huweza kuhama mita kadhaa, kwa hiyo walinganishe na njia zilizorekodiwa kwa GPS kabla ya kuchora. Na wasinakili majina kutoka Google Maps: leseni hairuhusu, na kazi yote ya namna hiyo hufutwa.