Pindua Sahani: majibu kwa wenye vyombo vya kale

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zimekuja na picha ya upande wa juu. Ndugu zangu, maua ya katikati ya sahani ni ya kufurahisha wageni. Mimi nataka kitako. Niliuza vyombo vya kale Mji wa Kale, Mombasa, mpaka magoti yakakataa ngazi za duka, na miaka yote hiyo kitu cha kwanza nilichofanya mteja aliponipa sahani ni kuipindua. Basi piga picha ya chini, mchana, karibu na dirisha, ndipo uniandikie.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Nyanya ametuachia sahani zilizokuwa zikipangwa kwenye zidaka za chumba chake. Zina watu wa Kichina na mwavuli. Mjomba asema zililetwa na majahazi ya Wachina, zina miaka mia sita. Chini kuna mnyama amelala, neno PAJONG, na P. Regout & Co. Maastricht. Je, ni kweli? – F., Lamu*

Marahaba mwanangu. Huyo mnyama ni simba mwenye kichwa cha binadamu, yule wa Misri, lakini sahani haikutoka Misri wala China. Imetoka Maastricht, mji wa Uholanzi, kwenye kiwanda cha Petrus Regout kilichoanza kutengeneza vyombo vya udongo mwaka 1836. Alama ya simba ilianza kutumika yapata 1880, na mwaka 1899 kampuni yenyewe ikaitwa De Sphinx, kwa jina la mnyama huyo. PAJONG ni jina la mchoro tu. Viwanda vile vilikuwa na desturi ya kuupa kila mchoro jina na kulipiga chapa chini, ili mwenye duka aweze kuagiza tena uleule.

Kwa hiyo sahani za nyanya si za kabla ya 1880 hivi. Nakuomba ulishike hilo kabla ya jingine lolote, kwa sababu ndilo watu wanalolikosea kuliko yote: alama haikwambii chombo kina umri gani. Inakwambia hakiwezi kuwa kikongwe kuliko mwaka fulani. Mwisho wake huutafuta kwingine. Jina la Regout liliendelea kupigwa kwenye vyombo hata baada ya 1899, kwa hiyo tazama kama chini ya jina pana maneno "Made in Holland". Yakiwapo, sogea mbele, miaka ya 1890 au karne iliyofuata. Yasipokuwapo, naegemea miaka ya 1880 na 1890, ila siapi.

Mjomba usimcheke. Vyombo vya Kichina kweli vilifika pwani hii karne nyingi kabla ya Mholanzi, na vigae vyake vimejaa Gedi na Kilwa. Watu walivizoea, wakavipenda, wakavipanga ukutani. Karne ya 19 viwanda vya Ulaya viliona soko hilo vikachapa Wachina na miavuli juu ya udongo wa bei nafuu, vikauza Asia na huku kwetu. Mchoro umeiga China, udongo haukuweza. Chukua sahani uiinue mbele ya taa, upitishe vidole nyuma yake. Kauri ya kweli, ikiwa nyembamba, itakuonyesha kivuli cha vidole. Ya Maastricht haitaonyesha kitu. Tena palipomeguka utaona weupe mkavu kama chokaa, ulionyonya madoa ya mchuzi.

Jirani akikuletea iliyoandikwa Société Céramique, hiyo ni ya mji uleule ila kiwanda kingine, kilichopata jina hilo mwaka 1863 na kuja kuungana na De Sphinx mwishoni mwa miaka ya 1950.

*Bi, nina jagi la marehemu babu. Halina jina la kiwanda, ila chini pana umbo la uru kama la karata, lenye duara juu limeandikwa IV. Chini ya duara pana 6, kulia H, chini kabisa D, kushoto 3. Fundi mmoja ameniambia ni namba za siri za jeshi. – Mzee K., Tanga*

Jeshi halimo, Mzee wangu. Wewe una barua iliyosainiwa kabisa. Uru huo ni alama ya usajili wa michoro ya Uingereza, iliyotumika kuanzia 1842 hadi 1883. IV ni daraja la vyombo vya udongo na kauri. Zilizobaki ni tarehe.

Lakini herufi zilizunguka mara mbili, na hapa ndipo wengi hupotea. Kuanzia 1842 mpaka 1867 herufi ya mwaka ilikaa juu, chini ya duara. Kuanzia 1868 ilihamia kulia, na juu pakawekwa siku ya mwezi. H juu ingekuwa 1843. H kulia, kama ya kwako, ni 1869. D ya chini ni Septemba. Ile 3 ya kushoto ni namba ya fungu la siku hiyo, haikuhusu. Soma basi: tarehe 6 Septemba 1869, miezi miwili kabla ya Mfereji wa Suez kufunguliwa. Mimi kitu kama hicho hunikosesha usingizi kwa furaha.

Tarehe hiyo ni ya siku mchoro ulipoandikishwa London, siyo siku jagi lilipotoka tanurini. Usajili ulimlinda mwenye mchoro kwa miaka 3, na kiwanda kingeweza kuendelea kulitengeneza jagi lile muda wote lilipopata mnunuzi. Jina la aliyeandikisha limo kwenye madaftari ya usajili, ambayo sasa yako katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, eneo la Kew. Tarehe unayo; inatosha kuulizia kwa barua pepe.

Mwingine wa Tanga ameuliza kuhusu bakuli la supu lenye "Rd No 295" na tarakimu 3 zinazofuata. Uru ulipokwisha zilianza namba za kawaida, kutoka 1 mwaka 1884. Mwaka 1897 ulianza na 291241, na 1898 ukaanza na 311658. Mchoro wa la kwako uliandikishwa 1897.

*Asalaam alaykum. Vikombe vidogo vya kahawa vya mama, alivyovichukua Unguja tulipohamia huku, vina neno NIPPON. Vya zamani? – Umm S., Muscat*

Wa alaykum salaam. Nippon ni Japani. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, na Wajapani wakaandika Nippon kuanzia 1891. Mwaka 1921 Wamarekani wakataka neno liwe Japan. Vikombe vyenye neno hilo kwa kawaida huwekwa kati ya miaka hiyo 2. Ukikuta "Occupied Japan" kwenye sahani zake, hizo si ndugu zake: ni za baada ya Vita vya Pili, mpaka 1952. Kahawa iendelee kunywewa humo, sioni ubaya.

*Habari Bi. Dalali wa Kariakoo ananiuzia bakuli la bluu na nyeupe kwa milioni nne. Lina maandishi sita ya Kichina, anasema ni muhuri wa mfalme Qianlong. Nimekutumia picha. Ninunue? – J., Dar es Salaam*

Usinunue, na nitakueleza kwa nini hata kama hutaki.

Maandishi sita husomwa kutoka juu kwenda chini, safu ya kulia kwanza: nasaba, jina la utawala, kisha kwamba chombo kimetengenezwa wakati huo. Qianlong alitawala kuanzia 1736 hadi 1795. Dalali wako amesoma sawa, hilo nampa. Tabu ni kwamba Wachina wenyewe waliandika majina ya wafalme waliokwisha kufa, na si lazima iwe kwa ulaghai; mara nyingi ilikuwa heshima kwa kazi ya waliotangulia. Wafinyanzi wa zama za Kangxi, 1662 hadi 1722, walipenda sana kuandika Chenghua, aliyetawala karne mbili kabla yao. Muhuri wa mfalme, kwa hiyo, ndio ushahidi wa mwisho kuuamini. Anza na pete ya kitako isiyopakwa mng'aro: je, imelainika kwa kuburuzwa mezani, au imesuguliwa kwa msasa mstari mmoja mmoja? Tazama bluu kwa kioo cha kukuzia. Brashi huacha rangi nzito hapa na nyepesi pale. Ukiona nukta ndogondogo zilizopangana, hiyo ni chapa ya mashine.

Hayo yote wewe huyahitaji. Kwenye picha ya pili uliyonitumia, pembeni mwa muhuri, pana maandishi madogo mno ya Kiingereza: *dishwasher safe*. Qianlong alikuwa na mengi, mashine ya kuoshea vyombo hakuwa nayo.

*Bakuli letu halina alama yoyote chini. Lina maua mekundu na kijani, na nyota za bluu zilizorudiwarudiwa. Halina thamani? – Mama R., Pemba*

Nani kasema? Maelfu ya mabakuli ya namna hiyo yaliuzwa bila alama. Zile nyota zilipigwa kwa kipande cha sifongo kilichokatwa umbo na kuchovywa rangi, na maua yakaongezwa kwa brashi. Maastricht walifanya hivyo, Sarreguemines ya Ufaransa pia, na Waskoti. Tafuta ndani ya bakuli makovu 3 madogo: ni pale vigingi vya tanuri vilipolitenganisha na mwenzake wakati wa kuchomwa. Nusu ya pili ya karne ya 19 au mwanzo wa 20, zaidi ya hapo nisikudanganye.

Tena kumbuka vyungu vyetu wenyewe havikuwahi kuwa na muhuri, na bado wachimbaji wa mambo ya kale huvipa tarehe. Vile vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni, vinavyookotwa pwani yote, huwekwa kati ya karne ya 6 na ya 10. Mapambo nayo ni alama kwa anayejua kuyasoma.

*Bi, kaka yangu ameleta bakuli alilolibandua kwenye nguzo ya kaburi la kale porini. Nyuma lina chokaa. Tunataka kujua ni la mwaka gani ili tuliuze. – jina nimelihifadhi, karibu na Malindi*

Mwaka gani sitakwambia, maana ukishaujua utapandisha bei. Bakuli lile lilikuwa likilipa kaburi tarehe, na kaburi likilipa bakuli mahali. Ndivyo wachimbaji walivyofanya kazi pwani hii: James Kirkman, aliyechimba Gedi kuanzia 1948 hadi 1958, aliegemea sana kauri za kigeni kujua majengo ni ya lini. Mliloleta nyumbani sasa ni bakuli tu, na lina kosa juu yake, kwa kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inalinda makaburi ya namna hiyo na vilivyomo.

Kaka apige picha ya tundu alikolitoa, kwa simu, na mahali paonekane. Kisha mlipeleke ofisi ya makumbusho pale Gedi, au Fort Jesus mkiwa na safari ya Mombasa. Mlifunge kwa kanga, lisigongane na kitu. Ile chokaa ya nyuma msiikwangue wala msiioshe, watakaolirudisha wataihitaji.